Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kaunta ya Duka la Bunduki

Kisumu, Jumapili

Mwanangu Akinyi,

Nimefurahi kusikia wamekutoa stoo na kukuweka kaunta. Stoo ni hesabu tu. Kaunta ni watu, na watu wanaoingia duka la bunduki kila mmoja ana lake. Hapo Nakuru utampokea mkulima wa Njoro, mfanyabiashara wa mjini, mzee wa Subukia aliyebeba marisau (shotgun) ya babake ndani ya gunia, na siku moja moja mtu ambaye hafai kuuziwa hata kitambaa cha kusafishia. Nakuandikia kuhusu wale ambao hutawasahau, na cha kufanya wakifika. Kanuni za bosi wako zikiwa kali kuliko hizi, fuata zake. Zikiwa legevu, fuata zangu, na akikuuliza mwambie mama ndiye aliyesema.

Anza na yule anayechomoa bastola kwenye koti na kukukabidhi mdomo ukiwa umekuelekea tumboni. Usiipokee. Ukishaishika hivyo mtakuwa watu wawili mmeshikilia kitu ambacho hakuna kati yenu anayejua kimebeba nini. Mwambie kwa upole, "Iweke hapo mzee, mdomo uelekee kule," ukimwonyesha ndoo ya mchanga. Kama duka halina ndoo hiyo, idai kabla ya kudai kiti: ndoo ya lita 20, imejaa mchanga mkavu, imesimamishwa pembeni mahali ambapo hakuna mtu anayepita nyuma yake. Mchanga uliolowa hugandamana, na juu ya uso mgumu risasi inaweza kuruka, kwa hiyo ukoroge mara kwa mara.

Bastola ikishaelekezwa mchangani, kuna mpangilio ambao haugeuzwi. Kidole kilale ubavuni, nje ya kifyatuo. Toa magazini, kile kisanduku cha risasi. Ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma mara mbili tatu, uizuie ibaki wazi, utazame ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha uingize ncha ya kidole kidogo uguse. Macho hudanganywa na kivuli, hasa kwenye maduka yetu haya yenye taa moja. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja, na slaidi ikirudi inaingiza nyingine. Baadaye akitoa magazini anaona amemaliza, kumbe chemba imejaa. Zile ajali ambazo mtu huapa kwamba "haikuwa na kitu" mara nyingi huzaliwa hapo.

Utakutana na mteja atakayekubishia kwamba bastola bila magazini haiwezi kupiga. Huenda alizoea Browning Hi-Power, ambayo kweli ina kizuizi kinachokifanya kifyatuo kisifanye kazi magazini ikiwa nje. Bastola nyingi hazina kizuizi hicho. Glock ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwa sababu ili uifungue kuisafisha ni lazima kwanza ubonyeze kifyatuo, na aliyesahau risasi chembani hupiga meza, paja lake au mtu aliye chumba cha pili. Mteja akiomba umwonyeshe jinsi ya kuifungua, kagua chemba tena, hata kama mmeikagua dakika moja iliyopita mkiwa pamoja.

Marisau ya pampu ina mtego wake. Risasi hukaa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, kwa hiyo chemba inaweza kuwa tupu na bomba likawa na nne au tano. Bonyeza kile kizuizi kilicho karibu na mdomo wa bomba, uzitoe moja moja, kisha uchungulie mpaka uone kisukumio chenyewe cha plastiki au chuma. Usipokiona, kuna risasi imekwama. Ya mitutu miwili ndiyo rahisi kuliko zote: ikunjue, na kila aliye kaunta ataona matundu mawili. Ukimrudishia mwenyewe silaha yake, mrudishie ikiwa wazi, na umtake aikague kwa macho na kidole chake mwenyewe. Wengine watakuambia wanakuamini. Mwambie kuaminiana ni kwa kukopeshana sukari.

Sasa karatasi, na hapa ndipo utakapogombana na watu wengi zaidi. Sheria ya silaha, Sura ya 114, haikupi nafasi ya kumwonea mtu haya. Hakuna raia anayenunua bunduki au risasi bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hicho kinataja mwenyewe, kinataja bunduki yake, na kinataja kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Kisome kwa utaratibu mmoja kila siku ili usiruke kitu: jina na picha dhidi ya kitambulisho na uso ulio mbele yako, tarehe ya mwisho, aina ya silaha na kipimo chake, namba ya bunduki, halafu kiasi cha risasi. Namba isome kwenye chuma chenyewe kwa tochi, herufi moja moja, ukiitamka kwa sauti huku mwenzako akifuatisha kwenye cheti. B na 8 hufanana kwenye chuma kilicholika. O na sifuri vilevile, na 1 na I ndio wabaya zaidi. Bunduki nyingine zina namba sehemu zaidi ya moja, kwenye mwili na kwenye mtutu. Zikitofautiana, simamisha kazi na umwite mwenye duka. Huenda mtutu ulibadilishwa kihalali miaka iliyopita, na huenda sivyo, lakini hilo haliamuliwi kaunta.

Mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wa kiraia wakaguliwe upya katika siku 90. Wapo wazee ambao mpaka leo wana karatasi za kabla ya ukaguzi ule, wamezitunza vizuri ndani ya nailoni, na wanaamini bado zinafanya kazi. Usimcheke. Mweleze kwamba huwezi kumuuzia risasi hata moja, na kwamba hiyo bunduki aliyonayo nyumbani ni jambo la kulipeleka polisi leo, asingoje wiki ijayo. Cheti kilichoisha jana nacho kimeisha. Mtu atakuambia, "Nimeshalipia, kinakuja." Kikija, atakuja nacho.

Dereva aliyetumwa na mheshimiwa utamtambua kwa haraka yake. Ana cheti cha bosi, ana kitambulisho cha bosi, ana pesa taslimu na orodha kwenye simu. Hana kosa lolote yule kijana, ametumwa tu, lakini risasi haiagizwi kama gazeti. Aje mwenyewe. Ukimuuzia dereva, umempa risasi mtu asiye na cheti, na rejista itasema mkono ni wako. Bosi akipiga simu kwa sauti ya juu akuulize kama unamjua yeye ni nani, mjibu, "Namjua mheshimiwa, ndiyo maana nataka jina lako liwe safi kwenye kitabu chetu." Wengi hunyamaza hapo.

Rejista yenyewe iandikwe siku hiyohiyo, kwa wino, bila kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika lililo sahihi na utie sahihi pembeni. Ukurasa wenye rangi nyeupe ya kufutia humpa mkaguzi sababu ya kukaa siku nzima.

Nakuja kwa mjane, kwa sababu atakuja, na ndiye mteja anayehitaji akili yako yote. Atakuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa leso, amekipakata kwenye matatu kutoka Elburgon, na atakuambia mumewe alifariki mwaka juzi na hiki kitu kimekaa juu ya dari tangu matanga. Mpe kiti. Usimkaripie kwamba amebeba silaha bila cheti. Anajua kuna jambo haliko sawa, ndiyo maana amekuja. Ukimtisha ataondoka nayo, na ikirudi darini hujamsaidia yeye wala wajukuu wake. Kama angepiga simu kwanza, ungemwambia asiiguse kabisa: afunge chumba, aende kituo cha polisi, nao waje kuichukua. Maadamu ameshafika, ipokee vizuri.

Fungua leso kitu kikiwa kimeelekea mchangani, kwa sababu marisau iliyokaa miaka darini mara nyingi bado ina risasi. Risasi za zamani zenye ganda la karatasi hunyonya unyevu, zikavimba na kukwama chembani. Ikikunjuka na risasi zikakataa kutoka, usizigonge wala kuzichokoa kwa bisibisi. Fataki iko katikati ya kitako cha ganda, na kazi yake moja duniani ni kungoja kugongwa. Iache ikiwa imekunjuliwa, mpe fundi. Na ikikataa kukunjuka, usiilazimishe kwa goti. Maganda ya shaba yenye ukoko wa kijani yatenge kwenye kopo lenye lebo, yaende polisi. Hayarudi kwenye rafu hata kama yanang'aa upande mmoja.

Kisha mwite mwenye duka, naye ampigie OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha karibu. Andika aina ya silaha, kipimo, namba, idadi ya risasi na hali yake, jina la marehemu, namba ya cheti chake kama karatasi ipo, na namba ya cheti cha kifo. Mpe mama nakala yenye sahihi na muhuri. Nakala hiyo ni muhimu kuliko chai unayompa, kwa sababu shemeji zake watamwuliza kesho bunduki ya kaka yao iko wapi. Nao watakuja dukani, wawili au watatu, na mmoja atasema mzee aliacha neno kwamba apewe yeye. Hata awe ametajwa kwenye wosia: cheti hakirithiwi kama shamba. Aliyetajwa aombe cheti chake kwa jina lake, akipewa ndipo aiguse. Mpaka hapo silaha inakaa inakotakiwa kukaa kisheria, na boma haliko kwenye orodha hiyo.

Kuhusu risasi, usiuze kwa kuangalia rangi ya sanduku. Mteja akikuambia anataka "za marisau", muulize kipimo, kisha usome kwenye cheti, kisha usome kwenye mtutu. Namba hizi huwachanganya watu kwa kuwa zinakwenda kinyume: 12 ni kubwa kuliko 20. Zinatokana na idadi ya gololi za madini ya risasi (lead), zinazotosha tundu la mtutu, ambazo ungepata ukiyeyusha ratili moja ya madini hayo. Mtutu wa 12 una upana wa takriban milimita 18.5, wa 20 takriban 15.6. Mteja anayenunua "20 kwa sababu nataka yenye nguvu zaidi" utampata kabla mwezi haujaisha.

Na hatari yake ni hii. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 haitokei upande wa pili. Huteleza, ikakwama mbele ya chemba, mahali usipoiona usipochungulia kwa makusudi. Mtu anabonyeza kifyatuo, kimya. Anakunjua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kuweka. Anaweka ya 12 nyuma yake. Sasa mtutu umeziba, na ya nyuma ikilipuka chuma hupasuka palepale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza maganda ya 20 yakiwa ya manjano, na ndiyo sababu 12 na 20 hazikai kwenye rafu moja wala hazitoki dukani kwenye mfuko mmoja. Mwenye bunduki za aina zote mbili mfungie mifuko miwili na uandike kwa kalamu nene.

Bunduki za Kiingereza za zamani, zile walizoacha walowezi wa huko Molo na Naivasha, nyingine zina chemba ya milimita 65. Risasi za siku hizi ni 70 au 76. Cha kushangaza ni kwamba ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65 na bunduki itafungika vizuri, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshakunjuka mdomo baada ya kupigwa. Ikipigwa, mdomo wa ganda hauna nafasi ya kukunjukia, njia hubanwa na shinikizo hupanda kwenye chuma chenye umri wa babu yako. Urefu wa chemba mara nyingi umechongwa chini ya mtutu, karibu na bawaba. Usipouona, fundi apime kabla ya kuuza.

Za bastola vilevile. Kuna milimita 9 ya kawaida, yenye ganda la milimita 19, na kuna 9 fupi yenye ganda la milimita 17. Kichwa kinafanana, ganda ndilo tofauti, na mtu akikuletea moja mfukoni kama sampuli, soma maandishi ya kitakoni. Usipime kwa macho. Na akikuletea sampuli ya risasi ya AK, useme duka halina na hakuna duka linaloweza kumuuzia raia. Hata kiwanda cha Kenya Ordnance Factories pale Eldoret hakimuuzii mtu wa barabarani. Usiulize ameitoa wapi, usiipokee, kumbuka sura yake, na akitoka tu mwambie mwenye duka apige simu.

Wateja wa ukarabati ndio wengi. Malalamiko yao ni moja, "inakwama", na wengi wameshaitibu nyumbani kabla ya kukuletea. Uliza waliipaka nini. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Mafuta ya gari mengi hukusanya vumbi, na vumbi la Nakuru likichanganyika na mafuta hupata ukali wa msasa. Mafuta mengi kwenye njia ya pini ya kupigia ndiyo husababisha pini ipige fataki kwa unyonge, mteja akalaumu risasi. Baada ya mafuta, shuku magazini: midomo yake ikiwa imepindwa kwa kuangushwa sakafuni, risasi hupanda ikiwa imeinama na kugonga mlango wa chemba. Spring'i iliyochoka hufanya hivyohivyo kwenye risasi za mwisho. Muulize ni risasi ya ngapi inayokwama. Akikujibu kwamba ni ya mwisho kila mara, umeshajua pa kuanzia bila kufungua kitu.

Hapa kwetu Kisumu adui ni unyevu wa ziwa. Watu huhifadhi bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi, wakidhani ngozi inailinda, kumbe ngozi hunyonya unyevu na ina chumvi za kiwandani, na kutu huanza upande uliogusana nayo. Mfuko ni wa kubebea. Ndani ya sefu silaha ikae uchi, imepakwa mafuta membamba, na pakiti za kukausha hewa zibadilishwe zikilowa. Alama za vidole vyenye jasho pia hutoa kutu, utaiona imekaa kwa umbo la kidole kabisa.

Utamfundisha kusafisha, na usimwachie kipeperushi tu. Silaha tupu, risasi ziko chumba kingine. Dawa ya kuondoa masizi ya baruti ndani ya mtutu, ingoje kama dakika 10. Brashi ya shaba iingie kutoka upande wa chemba pale inapowezekana, itoke mdomoni kabisa kabla ya kurudi, mara 10 hivi. Kuigeuza katikati huvunja nywele zake, na kuingiza ufito kutoka mdomoni hula ukingo ule ambao ndio huamua risasi iende wapi. Vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Halafu kitambaa kimoja chenye tone la mafuta, na kingine kikavu kuyapunguza. Kabla ya kupiga tena, kitambaa kikavu kipite.

Mteja wa shambani mwambie jambo moja ambalo wa mjini hahitaji: achungulie mtutu kila mara kabla ya kuweka risasi, bunduki ikiwa imefunguliwa. Kuna nyigu wanaojenga kwa udongo, na tundu la marisau iliyoegemezwa stoo ni nyumba nzuri kwao. Udongo mkavu wa urefu wa kidole unatosha kuvimbisha mtutu. Tope la kuanguka shambani ni hivyohivyo. Na akipiga akasikia mlio hafifu badala ya kishindo, asipige ya pili, kwa sababu huenda kichwa cha kwanza kimebaki ndani. Asiposikia kitu kabisa, aendelee kuelekeza mdomo mahali salama, ahesabu sekunde 30 ndipo afungue. Fataki nyingine huchelewa.

Yupo atakayeomba mtutu ukatwe uwe mfupi, "utoshe chini ya kiti cha gari." Hapana. Yupo atakayeomba namba isuguliwe kwa sababu "imeshika kutu". Hapana, na huyo andika jina lake.

Mkulima wa Naivasha atakuuliza ni risasi gani inayofaa kiboko, au wa Molo atauliza kuhusu nyani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ndiyo inayosimamia madhara ya wanyama hao, pamoja na fidia. Mwelekeze KWS, shirika la wanyamapori. Ukianza kumshauri kuhusu kipimo, umeshiriki.

Aliyevamiwa na wezi juzi atakuja na cheti kipya na hasira. Muuzie alichoruhusiwa, lakini usimwachilie bila sefu. Sefu ya kilo 30 isiyofungwa ukutani mwizi huibeba nzima, kwa hiyo ifungwe kwa bolti 4 kwenye ukuta wa mawe au zege, mbao hapana. Muulize ufunguo utakaa wapi, na umngoje ajibu. "Chini ya godoro" siyo jibu, na watoto wa siku hizi wanajua kila tundu la nyumba. Risasi zikae kwenye kufuli la pili.

Nimebakisha mmoja. Ana cheti halali, ni mpole, hana fujo. Anataka risasi chache sana, pengine anauliza kama unauza moja moja. Haulizi bei, haulizi usafi, hajali ni za kiwanda gani. Macho yako chini, au amelia. Huenda unamjua, na unajua pia kwamba amefiwa, au benki imepiga mnada shamba, au ameachwa. Kule Marekani, jimbo la New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya muda usiofika wiki, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Baada ya hapo wenye maduka na watu wa afya wa jimbo hilo walikaa pamoja wakaanza kufundishana namna ya kumtambua mteja wa aina hiyo na kumkatalia. Kwetu cheti huchelewesha kupata bunduki, ila mwenye bunduki tayari hununua risasi mchana mmoja, kwa hiyo sisi tunamwona kwenye risasi.

Usimuuzie. Huhitaji sheria wala ushahidi. Duka lina haki ya kukataa. Muulize waziwazi, kwa sauti ya chini, "Unafikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Akisema hapana lakini moyo wako umekataa, bado usimuuzie: sema rejista imefungwa, mwenye duka hayupo, chochote. Mweke kwenye kiti, usimwache peke yake, na umpigie mtu wake, mke, kaka, mchungaji, yeyote atakayemtaja. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure. Na mpe nafasi ya kuacha bunduki yake dukani kwa muda, iandikwe kwenye rejista, apewe risiti kama mtu mwingine yeyote anayehifadhi. Wengi hukubali hilo upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu halimvunjii heshima. Saa zile mbaya hupita, na bunduki ikiwa mbali mtu huwa bado yupo zinapopita. Mwenye duka akikulalamikia kwamba umepoteza mauzo ya risasi tano, mpe namba yangu.

Jioni hesabu rafu dhidi ya rejista kabla ya kufunga droo ya pesa, si baada. Ukikosa moja hamwendi nyumbani, na polisi wanajulishwa usiku huohuo. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, mpaka kwenye kiwiko, kabla hujagusa chakula au kumbeba mtoto wa dada yako. Risasi ina madini yake yanayobaki mikononi, na dawa ya baruti pia. Sweta ya kaunta iache kaunta. Sabuni wanunue wao, usitoe mfukoni mwako.

Baba anakusalimu. Omena nimempa dereva wa gari la asubuhi, uichukue stendi kabla ya saa nane.

Mama yako